Vinini vimekwisha, macho yanageuka manjano



Munanijua kwa mambo ya mihogo na mbolea. Leo ninaingia kidogo mu shamba la waganga, na wale wa medisini watanisamehe. Lakini sisi wa agronomia tulisoma toksikolojia juu ya dawa za wadudu, na maini hayaulizi kama kile kinachoingia kimetoka mu pompi ya mukulima ao mu farmasi ya pale kwenye kona. Kazi yake ni ileile.

Kuna antibiotiki ambazo karibu kila mumoja wetu alikwisha kunywa, na ambazo, kwa mutu mumoja kati ya maelfu, zinaumiza maini. Inatokea mara chache sana, ninalisema wazi tangu mwanzo ili mutu asitupe dawa yake mu choo leo mangaribi. Kinachonisukuma kuandika ni wakati ambao ugonjwa huo unakuja: unakuja mara mingi wakati dawa imekwisha, wakati mutu amesahau hata jina lake. Na mutu akisahau dawa, atatafuta sababu ingine. Hapa kwetu Kivu tunajua ni sababu gani inatafutwaka.

Tuanze na kazi ya maini. Kila kitu tunachokula na kunywa kinapita pale kabla ya kuenea mu mwili. Dawa nyingi hazipendi maji, ni kusema haziwezi kutoka na mikojo vile zilivyo. Maini yanazigeuza kwanza, kwa musaada wa anzimi, zinakuwa kitu ambacho figo zinaweza kutupa, ao kinachoweza kushuka na nyongo mpaka mu matumbo. Shida ni kwamba kati ya hatua ya kwanza na ya mwisho, mara ingine kinazaliwa kitu kikali kuliko kile kilichoingia. Wale walionifwata siku ile niliongea juu ya karanga zenye kuoza wanakumbuka: aflatoksini yenyewe haina nguvu ya kuharibu seli mpaka maini yaiguse na kuigeuza. Maini yanajipikia sumu yenyewe, bila kujua. Na dawa zingine ni hivyo.

Sasa kuna njia mbili dawa inaweza kuumiza maini, na watu wengi wanachanganya.

Njia ya kwanza ni ya hesabu. Parasetamoli ndiyo mufano. Mutu mukubwa mwenye afya hapashwi kupita gramu 4 kwa siku, ni kusema vinini 8 vya mg 500. Akipita sana, maini ya mutu yeyote yataharibika, wangu, yako, ya bingwa wa bokse. Kadiri unavyozidisha, ndivyo unavyoumia. Hiyo unaweza kuiepuka kwa kuhesabu tu.

Njia ya pili haina hesabu ya namna hiyo. Watu elfu moja wanakunywa dawa moja, kipimo kimoja, siku sawasawa, hakuna kinachotokea. Halafu mutu mumoja, mwenye kufwata yote vile munganga aliandika, macho yake yanageuka manjano. Hakuzidisha. Dawa haikuwa ya feki. Ni mwili wake uliona kitu ambacho miili ya wengine haikuona. Antibiotiki karibu zote zinapita mu njia hii ya pili, njo maana onyo la "usizidishe" peke yake halitoshi.

Ile inayotajwa zaidi mu vitabu vya kila inchi ni amoksisilini iliyochanganywa na asidi klavulaniki. Jina la duka munalijua, Augmentin, lakini kuna majina mengine mingi mu farmasi zetu. Ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1981. Kwa sisi watu wa udongo iko na historia nzuri: klavulaniki inatoka kwa mikrobe ya udongo, Streptomyces clavuligerus. Mikrobe zenye kuleta ugonjwa zilikuwa zimejifunza kukata amoksisilini kwa anzimi yao. Klavulaniki inashika ile anzimi, inaifunga, na amoksisilini inaendelea na kazi. Ni ufundi mukubwa, na imeokoa watu wengi.

Lakini waganga waliona kitu. Amoksisilini peke yake inaumiza maini mara chache kabisa. Ikiunganishwa na klavulaniki, zinaonekana kesi zaidi. Njo maana wengi wanafikiri kwamba mwenye kosa ni klavulaniki. Mu Iceland, inchi ndogo ambayo karibu kila dawa inaandikwa mu kompyuta ya serikali, watafiti walihesabu kwa miaka 2, 2010 na 2011, wakatoa matokeo mwaka 2013: kati ya watu wenye kunywa dawa hii, alipatikana karibu mugonjwa 1 wa maini kwa kila watu 2350. Ufikirie oditwari yetu kubwa ikijaa mara nne ao tano. Mutu mumoja. Ni kidogo kwa yule anayekunywa. Kwa inchi ambamo dawa hiyo inauzwa kila siku bila karatasi ya munganga, si kidogo tena.

Na tarehe njo zenye kudanganya. Dalili zinaweza kuanza siku chache baada ya kinini cha kwanza, lakini mara mingi ni wiki moja mpaka wiki sita, na zimeonekana hata karibu wiki nane. Matibabu yenyewe ni siku 5, 7 ao 10. Piga hesabu: mutu amemaliza dawa, jino limepona, ile karto imetupwa, na wiki tatu baadaye anaanza kujikuna usiku kucha.

Kwa nini kuchelewa hivyo? Maelezo yenye nguvu leo ni kwamba kinga ya mwili inaingia mu mambo. Kipande cha dawa kinashikamana na proteini ya seli ya maini, na askari wa mwili wanaona ile proteini sawa mugeni. Askari hao wanahitaji siku kujifunza na kuongezeka, sawa vile chanjo haikingi siku ileile. Tangu 1999 watafiti wa Ubelgiji walionyesha kwamba wagonjwa wa amoksisilini na klavulaniki wanabeba zaidi jeni moja ya kinga inayoitwa HLA-DRB1*15:01. Kwa flukloksasilini, antibiotiki ambayo wanaitumia sana Uingereza na Australia, jeni ingine, HLA-B*57:01, inaongeza hatari karibu mara 80. Hiyo ilitangazwa mwaka 2009. Na hata hivyo, wengi kabisa wenye jeni hiyo wanakunywa flukloksasilini na hawapati kitu. Kwa hiyo kupima jeni za kila mutu kabla ya kumupa dawa hakusaidii sana. Haiko kama kupima udongo, unaona asidi, unaweka chokaa, mambo yamekwisha.

Wanaopatwa zaidi na hii ya klavulaniki ni wanaume, na wazee kuliko vijana. Lakini kijana asifurahi mbio: kwa wazee ugonjwa mara mingi unaziba mwendo wa nyongo, inasumbua lakini inapona, kwa vijana inaonekana zaidi ile inayopiga seli zenyewe.

Hapa nitaweka habari moja ya kartie yetu, bila jina. Muzee moja wa miaka kama 60, fundi wa mbao, jino lilivimba na kujaa usaha. Walimupa ile dawa, siku 7, akapona muzuri. Baada ya wiki tatu hivi akaacha kula. Mikojo ikawa sawa Coca, choo kikawa cheupe sawa udongo wa mufinyanzi, mwili ukawasha, halafu macho. Walimutibu malaria mara mbili. Malaria haikuisha, juu haikuwa malaria. Akaanza kukonda, na mu nyumba neno likaanza kutembea: karuho. Musomaji wa Bukavu ao Goma hahitaji nimuelezee. Ile sumu ya polepole ambayo jirani anakuwekea mu pombe ao mu chakula, na ambayo kila mutu anayekonda bila sababu anasemekana ameikula. Macho ya familia yaligeukia muke wa mutoto wake, juu ndiye alikuwa anamupikia. Dada huyo alikuwa na mutoto wa miezi minne mu mugongo. Walimurudisha kwao.

Aliyeuliza swali lenye kufaa alikuwa muforomo mumoja kijana, mu hopitali ya tatu. Hakuuliza "ulikula kwa nani". Aliuliza: "Muzee, mu miezi miwili iliyopita ulikunywa dawa gani, hata ile ya jino, hata ya kikohozi?" Walipima hepatiti B na C, hakuna. Waliangalia kama mawe yamefunga njia ya nyongo, hakuna. Ikabaki ile dawa. Muzee alipona kwa muda wa miezi miwili na kitu, na hakuna mutu alimupa dawa ya karuho. Dada wa watu alirudi nyumbani baada ya wazee wa pande mbili kuongea sana.

Sisemi kwamba kila anayesemekana karuho ni antibiotiki. Anaweza kuwa na hepatiti B, ambayo iko nyingi kwetu, ao kansa, ao kifua kikuu, ao ile aflatoksini ya miaka mingi. Ninasema tu kwamba kuchelewa kwa wiki tatu kunatosha kwa familia kutafuta mukosefu mwenye miguu miwili.

Dalili zenyewe ni zile nimetaja: kuchoka bila kazi, kukosa hamu ya chakula, kusikia kutapika, maumivu upande wa kuume chini ya mbavu, mikojo myeusi, choo cheupe, mwili kuwasha, macho manjano. Mikojo myeusi mara ingine inatangulia macho kwa siku kadhaa, na hiyo njo nafasi ya kwenda mbio kidogo. Kule labo wataomba transaminazi (karatasi inaandikwa ALAT na ASAT), fosfatazi alkalini na bilirubini. Transaminazi zikipanda, seli zinapasuka. Fosfatazi ikipanda zaidi, nyongo imekwama. Munganga wa Marekani, Hyman Zimmerman, aliona kitu ambacho mpaka leo wanakiita kwa jina lake: dawa ikipiga seli za maini mpaka mutu anageuka manjano, karibu mumoja kwa kumi anaweza kufa ao kuhitaji maini ya mutu mwingine. Munajua mambo ya kubadilisha maini yako mbali na sisi kiasi gani. Na mutu mwenye macho manjano akianza kuchanganya maneno, kulala muchana kutwa, ao kutoka damu mu pua na fizi, hiyo si ya kungojea kesho asubui.

Dawa ya kuponya hali hii, kwa sehemu kubwa, ni kuacha ile iliyoileta. Ni hiyo tu, na kufwata damu ya mugonjwa mpaka ishuke. Wengi wanapona kabisa. Lakini wasirudilie dawa hiyo maisha yao yote, juu mara ya pili mwili umekwisha kujifunza: inaweza kuja mbio zaidi na kali zaidi.

Zingine nazipitia haraka. Kotrimoksazoli, ile Bactrim ya kila nyumba, inaweza kuleta alerji yenye kuunganisha ngozi, homa na maini. Ngozi ikianza kutoka vipele na homa, acha na uende kuonyesha. Eritromisini na ndugu zake inafunga nyongo mara ingine. Siprofloksasini ni mara chache sana, na inaweza kuja mbio, siku chache tu. Nitrofurantoini, ya mikojo, inaumiza zaidi wale wanaoikunywa miezi ao miaka.

Mutu wa statistiki ataniuliza: kwa nini hawakuona haya yote kabla ya kuuza? Fanya hesabu. Kama kitu kinatokea kwa mutu 1 kati ya 10.000, unahitaji kama watu 30.000 mu jaribio ili kuwa karibu na hakika utaona hata mumoja. Majaribio ya dawa yanakuwa na maelfu machache tu. Trovafloksasini iliruhusiwa Marekani mwisho wa 1997 na majaribio hayakuwa yameonyesha hatari hiyo. Ilipofika kwa watu karibu milioni 2 na nusu, wagonjwa 14 maini yao yalishindwa kabisa kufanya kazi. Mwezi wa 6 mwaka 1999 serikali ikafunga matumizi yake, ikabaki ya hopitali tu kwa wagonjwa mahututi, na Ulaya ikaiondoa. Wale 14 hawangeonekana bila mutu kuandika mahali fulani: huyu alikunywa hii, tarehe hii.

Sasa kifua kikuu, na hapa ninaomba musome polepole. Isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi, tatu kati ya zile nne za miezi miwili ya kwanza, zote zinaweza kugusa maini, na mara zaidi kuliko amoksisilini. Hiyo imejulikana tangu zamani: mwaka 1970, Washington, wafanyakazi wa serikali 2321 walipewa isoniazidi ya kuwakinga, 19 walipata ugonjwa wa maini na 2 wakafa. Lakini kifua kikuu bila dawa kinaua wengi sana kuliko hivyo, na kuacha-acha dawa kunazalisha mikrobe sugu. Kwa hiyo mwenye kuwa mu matibabu akiona macho manjano ao anatapika bila kuisha, aende siku ileile kule CSDT ambako anachukulia dawa. Wao njo watasimamisha, watapima, na watarudisha moja kwa moja kwa mupango. Asijiamulie nyumbani. Na pombe aiache miezi yote sita, hiyo haina mujadala. Kitu kimoja cha kutuliza: rifampisini inafanya mikojo kuwa ya rangi ya machungwa. Hiyo ni rangi ya dawa yenyewe, haina ubaya. Mutu aangalie macho na choo.

Sasa sisi. Mutu wa promosiyo yetu akisikia kichwa na homa, anakwenda kupima Widal, karatasi inarudi na "tifoide", na jioni iko na antibiotiki mbili mu mufuko. Mu inchi ambamo watu wengi wamekutana na zile mikrobe tangu utoto, Widal inasema ndiyo kwa watu wengi wasiokuwa na tifoide. Wengine wanakunywa ile ya klavulaniki kwa mafua, na mafua ni virusi, antibiotiki haiwezi kitu. Ile hatari ya 1 kwa 2350 ina maana wakati dawa inakuokoa na usaha wa mapafu. Kwa mafua, unailipa bure. (Na wafugaji wa kuku, ninawaona. Oksitetrasiklini mu maji ya kila siku "ili wakue" ni mazungumzo ya siku ingine, lakini tutayafanya.)

Kinachoniumiza roho zaidi ni ile kinini ya kukatwa. Unafika farmasi na franka za vinini sita, wanakata plaketi na makasi, wanakutilia mu kashashe kasikokuwa na jina. Umasikini njo unafanya hivyo, simulaumu mutu. Lakini omba wakuandikie jina na mg juu ya kashashe, ao piga foto plaketi nzima kabla hawajakata. Simu yako inaweka tarehe yenyewe. Baba na mama zetu kule kijijini, wao hawapigi foto. Wewe unayewatumia dawa kwa basi, baki na foto kwako, usiifute kabla ya miezi mitatu. Na mwenye kuwa alikwisha kupatwa, jina la dawa liandikwe kwa bike nyekundu mbele ya karneti yake ya hopitali, jina la molekile na siyo la duka peke yake, juu mwaka ujao dawa ileile itamujia mu karto ya rangi ingine.